Joto la Kipakatalishi na Mvumo wa Feni Yake



Wasomaji wetu watukufu: mada ya mirathi tuliyoiahidi tutairejea wiki ijayo, inshaallah. Wiki hii tumetanguliza barua ya mama mmoja wa Kisauni, kwa kuwa jambo lake lina fedha ndani yake, na fedha ikishatoka mkononi hairudishwi na makala.

Binti yake anasoma chuo kwa njia ya mtandao. Kipakatalishi anachokitumia, au laptopu kama wengi wetu tunavyokiita, kilinunuliwa kikiwa kimeshatumika, kwa zamu ya mama huyo ya kupokea katika chama cha akina mama wa mtaani. Tangu joto la kaskazi lilipoanza, chombo hicho kimekuwa kikivuma kama kinu cha kusagia nafaka. Binti akaweka programu ya kupima joto, ikamwonyesha nyuzi 86 za Selsiasi. Akauliza mtandaoni, akajibiwa na mtu wa Uingereza kuwa cha kwake, cha aina ile ile na kwa kazi ile ile, hakipiti 68. Fundi naye alikitazama kwa dakika mbili bila kukifungua, akasema kuwa prosesa inaungua na ubao mzima wa ndani sharti ubadilishwe, kwa bei inayokaribia ile kilichonunuliwa. Mama anauliza: alipe, atafute kingine, au binti auache muhula huu upite?

Jibu letu ni kwamba asilipe bado, na binti asiache masomo. Sababu zake zinahitaji maelezo kidogo, na maelezo hayo yatamfaa kila aliye na chombo kama hicho nyumbani.

Prosesa ndiyo inayofanya hesabu zote za kompyuta. Kwa ukubwa haizidi sana ukucha wa kidole gumba, na katika vipakatalishi vya kawaida nyingi zimekadiriwa kutumia wati 15 hadi 45. Umeme wote huo, baada ya kufanya kazi, hutoka ukiwa joto. Mwenye umri wetu anaikumbuka taa ya zamani ya wati 40, ile ya kioo chenye waya ndani. Nani aliyethubutu kuishika ikiwa inawaka? Sasa uchukue umeme wa kiasi hicho uukusanye katika eneo la ukucha. Kwa hivyo prosesa kuwa na joto si ugonjwa. Ugonjwa ni joto kukosa njia ya kutokea.

Watengenezaji wamelijua hilo na wameweka kikomo. Prosesa nyingi za Intel zilizomo katika vipakatalishi zina kikomo cha nyuzi 100. Za AMD, zile ziitwazo Ryzen, nyingi zina kikomo kilichoko baina ya 95 na 105. Kipimo kimo ndani ya prosesa yenyewe. Inapokaribia kikomo, hujipunguzia mwendo ili izalishe joto dogo zaidi. Ikiwa hata hivyo joto linazidi kupanda, hujizima ghafla bila kumuomba mtu ruhusa.

Haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 2001 jarida la kompyuta liitwalo Tom's Hardware lilifanya jaribio ambalo mafundi wangali wakilisimulia: walikiondoa kipoozaji kilichokaa juu ya prosesa huku kompyuta ikiendelea kufanya kazi. Pentium 4 ya Intel ilipunguza mwendo, ikawa inajikokota, lakini ikasalimika. Prosesa za Athlon za AMD za wakati ule ziliungua kwa muda mfupi mno, na moshi ukaonekana. Leo kampuni zote mbili zina kinga hiyo. Ndiyo maana neno "inaungua" kwa prosesa iliyo kwenye nyuzi 86 hatulikubali. Iko nyuzi 14 chini ya kikomo chake, na lau ingekifikia, dalili ya kwanza ingekuwa uzito wa kazi, si moshi. Msomaji ambaye chombo chake ni kizito mchana na chepesi usiku, kwa kazi ile ile, hana haja ya kutafuta mchawi.

Hatusemi kuwa joto halina madhara. Chombo kinachokaa kwenye nyuzi 95 kila siku, saa nyingi, huchakaa mapema kuliko kinachokaa kwenye 70. Lakini kuchakaa kwa miaka ni jambo moja, na kufa leo ni jambo jingine, na mtu asilipishwe la pili kwa kuogopeshwa la kwanza.

Sasa tuje kwa yule mtu wa Uingereza na nyuzi zake 68, kwani hapa ndipo wengi wanapopotea. Kipoozaji cha kipakatalishi hakitengenezi baridi. Si jokofu. Kazi yake ni kulihamisha joto la prosesa na kulitupa katika hewa ya chumbani, na hewa hiyo ndiyo sakafu ambayo hakiwezi kushuka chini yake. Chumba kikipata joto kwa nyuzi 10 zaidi, prosesa nayo, kwa kazi ile ile na mwendo ule ule wa feni, hupanda kwa takriban nyuzi 10. Basi tufanye hesabu. Tuseme chumba cha yule bwana kina nyuzi 20. Prosesa yake kwenye 68 imekizidi chumba kwa 48. Chumba cha binti wa Kisauni, chini ya mabati, saa nane mchana katika mwezi wa Februari, tukikadirie nyuzi 34. Prosesa yake kwenye 86 imekizidi chumba kwa 52. Tofauti ya kweli baina ya vyombo viwili ni nyuzi 4, wala si 18. Kilichobaki ni tofauti baina ya Uingereza na Kisauni, na hiyo hakuna ubao wa kubadilisha utakaoiondoa.

Kwa hivyo tarakimu zinazoandikwa na watu wa nchi za baridi tuzisome kwa kuongeza nyuzi 10 hadi 14. Kwa pwani yetu katika miezi ya kaskazi, sisi hatushtuki tukiona 45 hadi 60 chombo kikiwa kimetulia, 60 hadi 75 mtu akiandika au kusoma, na 80 hadi 92 wakati wa mkutano wa video au kazi nzito. Kupanda ghafla kwa sekunde mbili tatu kisha kushuka pia ni kawaida, kwa sababu prosesa za siku hizi hujiongezea mwendo kidogo kila programu inapofunguliwa. Kinachotushtua ni nyuzi 80 chombo kikiwa hakifanyi lolote, au kukaa kwenye 95 na zaidi kwa dakika nyingi mfululizo.

Hata hivyo kikomo cha prosesa hakipandi kwa kuwa tunaishi pwani. Kinabaki 100 Lamu kama kilivyo 100 London. Sisi tuna nafasi ndogo zaidi baina ya sakafu na dari. Apple, kwa mfano, huandika katika maelezo ya MacBook kuwa hewa ya mahali kinapotumika iwe baina ya nyuzi 10 na 35, na chumba cha mabati kisicho na dari kinaweza kuipita 35 bila shida. Mwenye kazi nzito, kama kuhariri video, na aifanye baada ya alfajiri au usiku. Tofauti ya nyuzi 6 au 7 baina ya usiku na mchana ni poozo la bure.

Feni ina kazi gani? Ukikifungua kipakatalishi utaona bomba bapa la shaba lililolala juu ya prosesa na kuelekea ukingoni. Ndani ya bomba hilo mna maji kidogo mno, na hewa imeondolewa ili maji yachemke kwa joto dogo. Upande wa prosesa maji hugeuka mvuke. Mvuke hukimbilia upande wa pili, hutua joto lake kwenye mapezi membamba ya chuma, hugeuka maji tena na kurejea yalikotoka. Ni kama mfuniko wa sufuria ya wali unaolowa kwa ndani, ila hapa safari haisimami mchana kutwa. Feni hupuliza hewa kati ya mapezi hayo na kulitoa joto nje kupitia matundu ya ubavuni au nyuma.

Mwendo wa feni hupimwa kwa mizunguko kwa dakika. Feni nyingi za vipakatalishi huzunguka takriban mara 2,000 zikiwa na kazi ndogo, hufika 3,000 au 4,000 kwa kazi ya wastani, na 5,000 hadi 6,000 zikikazana. Baadhi huzima kabisa chombo kikiwa kimepoa. Tena kuna vyombo visivyo na feni kamwe, kama MacBook Air ya mwaka 2020 yenye prosesa ya M1. Kimya chake si hitilafu, na asije fundi akakuuzia feni ya chombo kisicho na mahali pa kuiweka.

Mvumo nao una kanuni yake. Hewa inayosukumwa huongezeka sawa na mwendo, lakini umeme unaohitajika huongezeka kwa mwendo kuzidishwa mara tatu kwa nafsi yake. Ukitaka mara mbili ya hewa utalipa mara nane ya umeme wa feni, na kelele nyingi juu yake. Ndiyo sababu watengenezaji hawaiachi feni ikimbie bila haja. Zipo programu za kuilazimisha feni iende polepole ili nyumba iwe na utulivu; kwa pwani hii sisi hatuzishauri hata kidogo. Ipo hamu nyingine, ya kuilazimisha iende kasi kabisa usiku na mchana. Hiyo haiui chombo, ila huchosha feni na kuvuta vumbi kwa bidii. Iachwe ijiendeshe yenyewe.

Basi mtu asisome nyuzi peke yake wala asisikilize feni peke yake. Joto la juu, feni ya kasi na kazi nzito, vikikutana, ni chombo kinachofanya alichoumbiwa nacho mtengenezaji. Joto la juu na feni kimya katika chombo chenye feni, hapo zima mara moja. Feni imekufa au imekwama. Na joto la juu na feni ya kasi ilhali hakuna kazi, kwanza tazama kama kuna kazi iliyofichika. Katika Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha linaloonyesha kila programu na kiasi inachoitumikisha prosesa. Mara nyingi utakuta masasisho yanapakuliwa, au kurasa 40 za mtandao zilizoachwa wazi, au programu haramu iliyoingia pamoja na filamu ya wizi.

Kama hakuna kazi iliyofichika, weka kiganja chako mbele ya matundu ya kutolea hewa. Kipimo hiki hakihitaji programu wala fundi, na sisi tunakiamini kuliko maneno mengi. Feni inanguruma lakini hewa inatoka dhaifu: njia imezibwa na vumbi. Hewa inatoka kwa nguvu na ni ya moto: kipoozaji ni kizima na kinafanya kazi yake. Hewa inatoka kwa nguvu lakini ni ya uvuguvugu tu, na huku programu inaonyesha nyuzi 95: joto haliyafikii mapezi. Aghalabu hapo ile dawa ya kijivu inayopakwa baina ya prosesa na shaba, mafundi huiita pesti, imekauka, jambo la kawaida baada ya miaka kadhaa. Kuipaka upya ni kazi ya chini ya saa moja kwa fundi anayeijua kazi yake, na bei yake haiko karibu na bei ya ubao.

Nyumba zetu zina vumbi la namna yake. Kuna mchanga mwembamba, kuna nyuzi za kanga na za magodoro, kuna chumvi ya hewa ya bahari. Na kuna udi. Hatumkatazi mtu kufukiza nyumba yake, Mungu apishe mbali, lakini moshi wa udi na ubani una mafuta, na mafuta hayo yakitua juu ya mapezi hulishika vumbi likawa kama blanketi. Chetezo na kipakatalishi visikae chumba kimoja kwa wakati mmoja. Hali kadhalika jikoni kunakokaangwa samaki.

Usafishaji wa ndani kwa nyumba za pwani ungekuwa mara moja kwa mwaka. Chombo kizimwe na chaja ichomolewe, hewa ipulizwe kwa mikupuo mifupi, na feni izuiliwe kwa kijiti isizungushwe na upepo huo hata ikaharibika. Fyonza-vumbi la zulia lisitumike ndani, kwani huweza kuzalisha umeme tuli unaoua vijenzi vidogo.

Jina lenyewe la chombo hiki limetuponza. Kipakatalishi limetokana na kupakata, kama mtu anavyompakata mtoto, na vijana wetu wamelichukua neno kwa dhahiri yake. Vyombo vingi huvutia hewa kwa chini. Ukikiweka juu ya godoro, mto au mapaja, umekiziba pua. Meza inatosha, na vifuniko vinne vya chupa za soda chini ya pembe zake vitakipatia nafasi ya kupumua kuliko vifaa vingine vinavyouzwa kwa bei ghali. Feni ya chumbani ikielekezwa hapo nayo husaidia. Lakini chombo kisitiwe jokofuni wala kisiwekewe barafu. Unyevu wa hewa yetu utageuka matone ndani yake, na hapo ndipo ubao utakapokufa kweli.

Kupakata kuna la mwili pia. Ngozi inayokaa juu ya joto la nyuzi 43 hadi 47 kwa muda mrefu, siku baada ya siku, hupata mabaka kama wavu ambayo madaktari huyaita erythema ab igne. Zamani yalijulikana kwenye miguu ya watu waliozoea kuota moto. Mwaka 2010 jarida la kitabibu la Pediatrics lilieleza kisa cha mvulana wa miaka 12 aliyeyapata pajani kwa kupakata kompyuta saa nyingi kila siku. Na kwa kuwa gazeti hili ni la familia, hatuoni haya kutaja la waume: utafiti wa Yefim Sheynkin na wenzake wa Stony Brook, Marekani, uliochapishwa mwaka 2005, uliwapima wanaume 29 na kukuta kuwa kupakata kwa saa moja kulipandisha joto la sehemu za uzazi kwa zaidi ya nyuzi 2 na nusu. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokana na kubana mapaja ili chombo kisianguke, si na chombo peke yake. Kwa vyovyote vile, meza ni bora.

Kwa mama wa Kisauni, basi. Binti apime alfajiri, chombo kimetulia, kiko mezani. Tukikisia itakuwa chini ya 60. Apime tena hewa ya matundu kwa kiganja. Kama imezibwa, atafutwe fundi mwingine, akifungue chombo mbele yao, asafishe, apake pesti mpya, na nyuzi zipimwe kabla na baada kwa kazi ile ile, chumba kile kile. Fundi anayekataa kupima mbele ya mwenye mali, mali isimfikie. Na chombo kikirudi 86 saa nane mchana hata baada ya hayo, binti aendelee na masomo yake.

Tumebakisha betri, na hii ndiyo tunayoiogopa sisi kuliko prosesa. Prosesa huvumilia nyuzi 100. Betri ya lithiamu haivumilii hata nusu ya hizo kwa raha. Kwa kawaida haifai kuchajiwa ikiwa imepita nyuzi 45, na ikikaa imejaa pomoni katika joto la 40 huzeeka haraka mno. Vipakatalishi vingi vya sasa vina mpangilio wa kuizuia betri isipite asilimia 80; mwenye kukiacha kwenye chaja siku nzima auwashe mpangilio huo. Wala kisiachwe ndani ya gari lililofungwa juani. Betri yenye kasoro huweza kushika moto hata bila kosa la mwenyewe: mwaka 2006 Dell ilirudisha betri milioni 4.1 na Apple milioni 1.8, zote zikiwa na seli zilizotengenezwa na Sony, baada ya kugunduliwa chembe za chuma zilizoingia ndani wakati wa kutengenezwa.

Dalili ya betri iliyoharibika haiko kwenye programu ya nyuzi. Itazame kwa macho: kidirisha cha kugusia cha chini ya kibodi kimeinuka, kifuniko hakifungi sawasawa, au chombo kikiwekwa mezani kinayumba kama meza yenye mguu mfupi. Hiyo ni betri iliyovimba. Chaja ichomolewe na chombo kizimwe. Mtu asikibonyeze ili kirudi mahali pake, wala asiitoboe kutoa hewa kama tulivyosikia baadhi ya vijana wakifanya. Iliyomo ni gesi inayowaka. Kiwekwe juu ya sakafu ya saruji, mbali na mapazia, magodoro na watoto, kisha kipelekwe siku hiyo hiyo kwa fundi wa kuitoa. Betri yenyewe isitupwe jaani pamoja na takataka za nyumbani, wala isichomwe.